Agosti ya Kigoma nayo iandikwe

Huku Iowa, katikati ya Marekani, Agosti ikiisha hutoka taarifa ya mwezi mzima: kaunti ipi ilipata mvua, ipi ilikauka, joto lilizidi wapi. Kwetu Kigoma tunasema kiangazi kimekolea, basi. Hilo linaniuma, maana Agosti yetu ina mambo mengi yanayogusa chungu cha kila nyumba.

Ukitazama kipimajoto tu, miezi hii haiachani sana. Mchana wa huku hucheza kwenye nyuzi 28 au 29, na Kigoma ni humohumo. Ila joto la Iowa ni la fukuto. Mahindi bado mabichi, yametanda mamilioni ya ekari yakitoa mvuke, na shati hukuganda mgongoni hata usiku. Kisha dhoruba. Tarehe 10 Agosti 2020, upepo uliopita Cedar Rapids ulikadiriwa kufika kilomita 225 kwa saa. Uling'oa miti na kulaza mashamba. Jua nalo huanza kuwahi kuzama, kila siku dakika moja na nusu hivi, wakati kwetu ni saa moja jioni ileile.

Agosti ya Kigoma ni ya vumbi na moshi wa mapori yanayochomwa. Milima ya Kongo, ambayo siku za hewa safi unaiona vizuri ukiwa Ujiji, hupotea. Manyovu, kule milimani, usiku watu wanajifunika blanketi. Upepo wa kusi unasukuma maji ya juu ya Ziwa Tanganyika kuelekea kaskazini, na kule mwisho wa kusini maji ya baridi yenye rutuba yanapanda kutoka chini. Rutuba hiyo ndiyo inayolisha vijidudu, navyo vinalisha dagaa. Mwaka 2024 uvuvi ulipositishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, mwezi huu ndio taa za wavuvi ziliporudi majini. Mvuvi wa Kibirizi anaujua upepo huo vizuri kuliko mimi, lakini anayoyajua yanabaki kichwani mwake.

Najua mtaniambia wenzetu wana pesa. Sikubali kwamba pesa ndiyo kila kitu hapa. Mtandao wa kupima mvua uitwao CoCoRaHS ulianza Colorado mwaka 1998, baada ya mafuriko yaliyoipiga Fort Collins mwaka mmoja kabla, na wapimaji wake ni raia wa kawaida wanaojitolea. Mtu ana chombo cha plastiki uani. Asubuhi anasoma, anatuma. Wanafanya hivyo kwa sababu mvua ya dhoruba hulowesha shamba moja na kuruka la jirani. Je, si ndivyo ilivyo kwetu? Kasulu panalowa, Ujiji vumbi tupu.

Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa kwa mvua za Msimu, Novemba hadi Aprili, unasaidia, nami nauheshimu. Lakini mkulima wa Heru Juu anahitaji pia kumbukumbu za kilima chake mwenyewe, za miaka mingi, ajue mvua ya kwanza huwa ya kweli au ya kudanganya mbegu.

Shule zetu za msingi zinaweza kuzianza kumbukumbu hizo: chombo, daftari, na watoto wa zamu. Waanze Agosti hiihii kavu, waandike sifuri kila asubuhi, ili siku tone la kwanza likishuka liwe na tarehe. Walimu wa Kasulu na Buhigwe, mkiwa tayari, vyombo vya kuanzia nitachangia.