Yesu aliagiza mtoto apewe chakula

Juzi kwenye mkutano wa injili hapa Malindi, mhubiri alimwita mama mmoja jukwaani, akamwambia atupe vidonge vyake vya presha mbele ya watu wote kuonyesha kwamba anaamini. Akavitupa. Watu wakapiga vigelegele. Mimi nilirudi nyumbani moyo ukiniwaka, na mpaka leo haujapoa.

Malindi hii hii! Mwaka 2023 mochari yetu ilifurika maiti za Shakahola, ule msitu ambako waumini walifunga hadi kufa wakiamini watakutana na Yesu, ndugu wakija kutoa sampuli za DNA ili wawatambue watu wao. Miili zaidi ya 400 ilifukuliwa msituni, watoto wakiwamo, wengi wameuawa na njaa. Na bado tunapiga vigelegele?

Hebu tufungue Marko 5. Binti wa Yairo, miaka 12, amekufa. Waombolezaji wameshajaa. Yesu anawatoa nje, anabaki na baba, mama na wanafunzi watatu, anamshika mtoto mkono, naye anainuka na kutembea. Halafu? Anawakataza wasieneze habari, kisha anaagiza apewe chakula. Tangu Shakahola, kila nikifika hapo machozi hunitoka. Aliyemtoa mtoto mautini ndiye aliyekumbuka kwamba ana njaa. Muujiza ule uliishia jikoni kwa mamake.

Na soma mbele na nyuma, utaona ni vivyo hivyo. Yule mwenye pepo aliyekuwa akilala makaburini na kujikata kwa mawe, watu wanamkuta ameketi, amevaa nguo, ana akili zake timamu. Anaomba afuatane na Yesu. Yesu anamkatalia, anamwambia aende nyumbani kwa jamaa zake. Sasa walinganishe na wale waliowatoa watoto shule wakahamia msituni, wasitake tena kuonana na ndugu zao. Wakoma kumi nao wanatumwa kwa makuhani, kwa sababu kuhani ndiye aliyekagua ngozi na kuamua kama mtu amepona na aweza kurudi kuishi na watu. Kufunguliwa kwa Injili ni kurudishwa kwa watu wako. Anayemtenga mtu na ndugu zake, na daktari wake, na sahani yake ya chakula, hafanyi kazi ya Yesu, hata pepo wapige mayowe namna gani.

Najua nitajibiwa kwamba mwanamke wa kutokwa damu, aliyepona alipogusa vazi la Yesu, aliwamalizia matabibu mali yake yote asipone. Ndivyo ilivyoandikwa. Na wapo wanaopona kwa maombi, hilo sibishi. Mimi mwenyewe huwaombea wagonjwa. Lakini Yesu hakumkemea mwanamke yule kwa kwenda kwa matabibu, wala hakumwomba sadaka ya mbegu, zile fedha unazoambiwa utoe ili upate muujiza. "Mmepata bure, toeni bure," Mathayo 10:8.

Paulo naye, ambaye Mungu alimtumia kuponya wengi, alimshauri Timotheo anywe mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake. Na Trofimo, mwenzake wa safari, alimwacha Mileto akiwa mgonjwa, bila kumwambia kwamba imani yake ni haba.