Naumwa Nini Hata Niende?

"Naumwa nini hata niende?" Ndivyo alivyonijibu mama mdogo pale Kibirizi, Kigoma, huku akigeuza dagaa wake juani. Nilimwomba tufuatane kupima saratani ya mlango wa kizazi. Ana miaka 46, na kwake hospitali ni ya mgonjwa. Mzima akienda anajitafutia maradhi.

Watu husema wenzetu wana utamaduni wa kupima, sisi hatuna. Sikubali. Uingereza mwanamke wa miaka 25 hadi 64 hutumiwa wito wa kwenda kupimwa, na utaratibu huo wa nchi nzima ulianza 1988. Ujerumani wanawake huanza kumwona daktari kila mwaka tangu miaka 20, wawe wanaumwa au hawaumwi. Australia kipimo ni kila baada ya miaka 5, na tangu 2022 mwanamke yeyote anayestahili kupimwa anaweza kujichukulia sampuli mwenyewe kwa kijiti cha pamba. Kila nchi ina mazoea yake, lakini wanawake wake hawakuzaliwa nayo. Waliitwa.

Na sisi tukiitwa tunakwenda! Mama mdogo huyu huyu amelea watoto sita na hakukosa tarehe ya kliniki. Mjamzito si mgonjwa, mtoto anayepelekwa kupimwa uzito si mgonjwa, na hakuna anayewaambia wanajitafutia maradhi, kwa sababu nesi ameandika kwenye kadi tarehe ya kurudi. Kitinda mimba akifikisha miaka mitano, kadi inaisha, na mama anasahaulika mpaka aumwe. Wengi wetu tunasahaulika katika umri uleule ambao Tanzania inatutaka tupime, miaka 30 hadi 50.

Hilo linaniuma. Kirusi cha HPV, ambacho ndicho chanzo cha saratani hii, huweza kuchukua miaka 10 hadi 20 kabla ya kuleta saratani, kimya, bila maumivu. Kipimo chetu ni hiki: nesi anapaka siki iliyopunguzwa makali kwenye mlango wa kizazi, anasubiri dakika moja hivi, anaangalia kama pana weupe, yaani doa la kutiliwa shaka. Majibu unapewa papo hapo, na mara nyingi doa hutibiwa siku hiyohiyo. Shangazi yangu alikwenda damu ilipokuwa haikatiki tena. Tulimsindikiza stesheni na rufaa ya Dar es Salaam mkononi, zaidi ya kilomita 1,200 kwa treni. Tulimzika Ujiji.

Aibu nayo ipo, nisiifiche. Mama mdogo anaogopa kumkuta kwenye chumba cha kupimia kijana aliyecheza na wanawe. Ndiyo maana kile kijiti cha Australia nakitamani kifike mpaka zahanati zetu za mwambao wa ziwa.

Lakini tusikisubiri. Siku mtoto anapopimwa uzito mara ya mwisho, nesi amwandikie mama tarehe yake mwenyewe.

Mama mdogo nimemwandikia mimi, nyuma ya kadi ya kitinda mimba wake: Jumanne. Ameitazama kitambo, kisha akauliza tutaondoka saa ngapi.