Kulalia tangi kwenye barabara kuu: upepo unakupa nini, na miguu yako iko wapi

Simama asubuhi kando ya barabara kuu ya Bugiri, Uganda, kwenda mpakani mwa Kenya, pale inapopita kwenye mashamba ya mpunga ya Kibimba, uangalie pikipiki zinavyokuja. Ni bonde tupu, hakuna miti wala nyumba, na upepo unavuka lami bila kizuizi. Kijana akitokea mbali humwoni yeye, unaona kofia tu juu ya taa. Kifua amekilaza kwenye tangi, viwiko amevibana ndani, koti kalivaa mbele nyuma, zipu iko mgongoni. Akishakaribia ndipo unaona kwamba miguu yake haiko kwenye vikanyagio vyake. Ameirudisha nyuma, kwenye vikanyagio vya abiria. Anapita, injini inalia mpaka sauti inapotelea bondeni, na nyuma yake linafuata tela la mizigo lililotoka Mombasa.

Steji yetu ya bodaboda hapa Busia, mpakani, iligawanyika hivi karibuni kwa ajili ya kijana kama huyo. Mwenyekiti wetu alimwambia wazi mbele ya watu kwamba anachezea roho yake na kwamba kulalia tangi ni mbwembwe za vijana. Kijana akamjibu kwa adabu, lakini hakurudi nyuma: "Mzee wangu, wewe unabeba watu wa hapa mjini. Nenda Jinja na pikipiki ya mia, umekaa wima, halafu uje uniambie upepo unafanya nini." Waliobaki wakachagua pande. Mimi nimekuwa nikipeleka vipuri Bugiri na Iganga kwa pikipiki kwa miaka tisa, na nimelalia tangi mara zisizohesabika. Naona wote wawili wana hoja, ila mmoja ameshika ukweli mdogo na mwingine ameshika mkubwa.

Nianze na kijana, kwa sababu wazee wengi wanampuuza bila kumsikiliza. Anachosema kuhusu upepo ni kweli tupu. Ukienda kilomita 40 kwa saa, hewa inakusukuma kifuani kidogo tu. Ukifika 80, mwendo umezidi mara mbili lakini msukumo wa hewa umezidi mara nne. Na nguvu ambayo injini inatakiwa kutoa ili kuushinda msukumo huo haizidi mara nne, inazidi mara nane. Sasa pikipiki ya sisi sote, ile ya injini ya sentimita za ujazo 100, ina nguvu ya farasi 8 hivi ikiwa mpya na imetunzwa. Katika mwendo wa 80, sehemu kubwa ya farasi hao wanapigana na hewa tu. Ndiyo maana kwenye kimlima kidogo, upepo ukitoka mbele, unafungua akseli hadi mwisho na bado unasikia injini inachoka. Ukiinama, injini inapumua. Halihitaji elimu hilo, linasikika mkononi.

Na kinachopigwa na upepo si chuma. Kwenye pikipiki isiyo na kioo cha mbele, mwendeshaji mwenyewe ndiye ukuta mkubwa kuliko kitu kingine chochote pale: kifua, mabega, koti lililojaa hewa. Ndiyo maana ya lile koti la mbele nyuma. Zipu ikiwa mbele, hewa inaingia na koti linavimba kama tanga la jahazi. Ukiligeuza, kifua kinazibwa na kitambaa kinatulia, na asubuhi ya baridi mapafu yako yanakushukuru. Upande wa pili wa mpaka, Kenya, boda wengi wamefunga miavuli mikubwa juu ya pikipiki. Mjini inakinga jua na mvua vizuri, lakini mwenye mwavuli huo akijaribu kukimbia kwenye barabara kuu atajifunza somo la upepo kwa kilomita moja tu.

Kuna faida nyingine ambayo kijana hakuitaja, pengine kwa sababu anaifanya bila kuiwazia. Upepo unaokupiga kifuani unakupiga juu, mbali na ardhi, kwa hiyo unakusukuma kwa nyuma na kupunguza uzito kwenye gurudumu la mbele. Ukiinama, uzito unarudi mbele na usukani unatulia. Na basi la usiku linapokuja upande wako, ule ukuta wa hewa linaousukuma mbele yake unampata aliyekaa wima kwa nguvu zaidi kuliko aliyeinama. Aliyewahi kupishana na basi lililojaa kasi kwenye daraja jembamba anajua ninachosema.

Wanaoendesha pikipiki kwa mbio wamelijua hili zamani. Mwaka 1948, kwenye uwanda wa chumvi wa Bonneville katika jimbo la Utah, Marekani, Rollie Free aliona mavazi yake ya ngozi yanashika hewa. Akayavua, akabaki na kaptula ya kuogelea, akalala kifudifudi juu ya pikipiki aina ya Vincent huku miguu ameinyoosha nyuma hewani, akapita maili 150 kwa saa, yaani zaidi ya kilomita 241. Picha yake bado inazunguka duniani. Kwa hiyo kijana wetu hakubuni kitu cha kipuuzi. Kanuni anayoitumia ni ileile.

Lakini uwanda wa Bonneville hauna tuta, hauna shimo, hauna mbuzi, na hauna mtoto wa shule anayevuka na galoni ya maji. Hapo ndipo mwenyekiti wetu anapoanza kuwa na uzito.

Tazama pikipiki ya mbio ilivyoundwa. Usukani wake uko chini na karibu, vikanyagio viko nyuma na juu, na breki ya mguu na gia vimewekwa palepale penye vikanyagio hivyo. Mwendeshaji akilala, kila kitu kimelala naye. Pikipiki ya boda imeundwa kwa mtu anayekaa wima: usukani mpana na wa juu, vikanyagio mbele, breki ya nyuma mbele ya mguu wa kulia, gia mbele ya mguu wa kushoto. Ili ulale vizuri juu yake inabidi urudishe miguu kwenye vikanyagio vya abiria. Ukifanya hivyo, umejitenga na breki ya nyuma na umejitenga na gia. Huwezi kushusha gia ili injini ikusaidie kupunguza mwendo. Umebaki na breki ya mkono peke yake, na kwenye nyingi ya hizi za mia ni breki ya ngoma, isiyoshika kwa nguvu kama ya diski.

Katika mwendo wa kilomita 80 kwa saa unakula mita 22 kila sekunde. Kuurudisha mguu mbele, kulitafuta kanyagio la breki na kukanyaga, mimi nahesabu sekunde moja, na hiyo ni kwa mtu asiyeshtuka. Mita 22 ni urefu wa tela na zaidi.

Nililijua hili kwa mwili wangu. Ilikuwa jioni, nimepita Bugiri nikirudi nyumbani, mzigo umeshauzwa, pikipiki nyepesi, upepo wa mbele. Nimelala, miguu nyuma. Mbuzi wawili walikuwa wamesimama kwenye changarawe upande wa kushoto. Nikawaona, nikajua mmoja atavuka, na bado mguu wangu wa kulia ukakanyaga hewa. Ukakanyaga tena, ukapata chuma cha injini badala ya breki. Kufikia hapo mbuzi yuko katikati ya lami. Nilivuta breki ya mkono kwa hofu, gurudumu la mbele likateleza, nikaishia kwenye changarawe na kiwiko kikiwa wazi hadi nyama nyeupe. Mbuzi alivuka salama. Daktari alinishona nyuzi saba. Kosa halikuwa la mbuzi wala la barabara. Macho yangu yaliona mapema ya kutosha, miguu ndiyo haikuwa mahali pake.

Macho nayo yana shida yake. Ukilala, shingo inabidi iinuke ili uone mbele, na kofia nzima ya kufunika kidevu inakugusa nyuma ya shingo na kukusukuma kichwa chini. Baada ya nusu saa shingo inachoka, unaanza kuangalia lami ya karibu badala ya mbali. Vioo vya pembeni, kwa wale ambao hawajaving'oa, vinakuonyesha viwiko vyako. Na kila penye kituo cha biashara kwenye barabara hii kuna matuta na mistari ya kutetemesha. Aliyekaa anaweza kuinuka kidogo na magoti yakabeba mshtuko, aliyelala anaupokea kwa tumbo na kidevu.

Abiria ni jambo la pekee, na hapa siko tayari kuwa wa kati na kati. Ukiwa na mtu nyuma, kulala hakukusaidii kitu cha maana, kwa sababu mwili wake bado umesimama kwenye upepo. Unachofanya ni kumhamishia yeye upepo wako, pamoja na vumbi, wadudu na mawe ya malori. Tena umemnyang'anya mgongo aliokuwa anauegemea. Mama aliyekaa upande na gauni lake refu la gomesi, mtoto mapajani, unamwachia ashike nini? Vilevile kwa mwenye mikungu ya matoke au kreti za soda: mzigo ndio ukuta, na wewe ukijikunja mbele yake umejikunja bure.

Hata upepo wenyewe una upande ambao mbio zilishindwa nao. Miaka ya 1950 pikipiki za mashindano zilifunikwa maganda makubwa hadi gurudumu la mbele ili zikate hewa, na kweli zilikata. Tatizo ni kwamba upepo wa ubavuni uliyashika maganda hayo na kuyumbisha pikipiki, na hiyo ikawa sababu mojawapo ya FIM, shirikisho la kimataifa la mchezo huo, kuyapiga marufuku kuanzia msimu wa 1958. Kule Kibimba upepo unatoka ubavuni. Dhidi ya upepo huo kulala kunasaidia kidogo tu. Kinachosaidia ni mikono yote miwili kwenye usukani, na wapo wanaolala huku mkono wa kushoto wameuweka pajani.

Sasa nirudi kwenye hoja kubwa ya kijana, ambayo kwa kweli ndiyo iliyonisumbua. Aliniambia pembeni, baada ya wengine kutawanyika: "Kaka, si kwamba napenda mwendo. Nikienda 55, matela yananipita yote. Kila moja linanisukumia kwenye changarawe. Nikilala nafika 80, natembea nao." Hilo si mbwembwe. Huyo ni mtu anayetafuta usalama kwa njia aliyoipata. Barabara yetu haina nafasi ya pikipiki, kingo za lami zimemegeka mahali pengi, na lori linalokupita kwa sentimita chache linatisha kuliko upepo wowote.

Nikakaa naye tukapiga hesabu nyuma ya pakiti ya plagi. Tuseme kulala kunapunguza msukumo wa hewa kwa robo. Ukitaka kupata nafuu hiyohiyo huku umekaa, unatakiwa kushuka kutoka 80 hadi 70 tu, kwa sababu msukumo unashuka haraka mwendo unapopungua. Haishuki hadi 55. Inashuka hadi 70. Kwa safari ya kilomita 80, ambayo ni karibu na Busia hadi Iganga, tofauti ni dakika zisizofika tisa. Mafuta yanayookolewa yanakaribiana. Na kwa 70 malori bado hayakupiti kwa kasi ya kutisha, maana mengi yenyewe yamebeba mzigo na kwenye milima yanashuka chini ya hapo.

Aliuliza kama basi asiiname kabisa. Nikamwambia ninachofanya mimi siku hizi: nakaa nyuma kidogo kwenye siti, nainamisha mgongo kutoka kiunoni, nabana viwiko, nashusha mabega. Mikono miwili iko kwenye usukani, vidole viwili juu ya breki, na miguu haitoki kwenye vikanyagio vya mbele, hata bonde likiwa tupu. Sipati robo yote ya upepo. Pengine napata nusu yake. Penye nyumba, mifugo au njia ya kuingia shambani nakaa wima, na mchana mwingi barabara hii haina kilomita tano mfululizo bila kimoja cha hivyo.

Alisema miguu mbele itamchosha magoti, kwa sababu yeye ni mrefu. Hilo ni kweli pia, na sikuwa na jibu zuri. Tulikwenda kwa fundi kuona kama siti inaweza kuongezwa sponji inchi moja ili magoti yasikunjike sana. Fundi alisema inawezekana, ila kava ya siti ibadilishwe. Bado anakusanya pesa.