Hapo Kalala Mtu Mwingine

Kaole iko kilomita tano hivi kusini mwa mji wa Bagamoyo. Nilikwenda huko kujaribu programu ya simu niliyoitengeneza kwa ajili ya wageni: ukiinua simu, kamera inaonesha magofu, na maelezo yanaelea juu ya kila gofu kwa kufuata mahali uliposimama. Nikasimama mbele ya kaburi la nguzo, lenye vishimo palipopachikwa bakuli za Kichina zamani. Maelezo yake yakaenda kukaa juu ya kaburi la jirani. Mzee anayetembeza wageni akachungulia kioo, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, hapo kalala mtu mwingine."

Maneno hayo yamenikaa. Tangu siku ile msimamo wangu ni kwamba GPS ya simu, inayokadiria mahali ulipo kwa ishara za satelaiti, haifai kupewa kazi ya kunyooshea kidole kaburi la mtu.

Hata ukiwa mahali pa wazi, pasipo kitu cha kuziba anga, GPS ya simu hukosea kama mita 5. Ukimwelekeza mtu sokoni, mita 5 si kitu. Kaole makaburi yamekaribiana, na mita hizo zinakutoa kwa marehemu mmoja zikakupeleka kwa mwingine. Dira ya simu nayo husoma usumaku, kwa hiyo kava lenye sumaku au gari lililoegeshwa karibu huipotosha. Ikikosea nyuzi 10 tu, kitu kilicho mita 100 mbele yako kinahama zaidi ya mita 17.

Wenzangu wananishauri nitumie ARCore, zana ya Google ya kutengenezea programu kama hii yangu, ambayo tangu 2022 inaweza kulinganisha kinachoonwa na kamera na picha za Street View, yaani picha za barabarani zilizokusanywa na Google. Ni kazi nzuri, nimeisoma kwa makini. Ila pasipo na picha hizo inarudi kwenye GPS na dira ileile, na gari la kupiga picha halipiti katikati ya makaburi.

Kwa hiyo GPS nimeifanya bawabu. Inatambua tu kwamba mgeni amefika, inamfungulia maelezo aliyoyapakua mapema akiwa kwenye mtandao mzuri, basi. Kuelekeza ni kazi ya kibao chenye picha, kilichosimikwa mahali pamoja panapojulikana. Kamera ikikiona, inapima kila kitu kuanzia hapo. Bila shaka magofu yanalindwa, huwezi kuchomeka kibao unapotaka, lazima uombe ruhusa na ukubaliane na wahifadhi. Nafurahi iwe hivyo. Wao ndio watakaonisahihisha kabla mgeni hajadanganywa.

Kuna kitu kimoja nimekiacha mikononi mwa GPS na dira: bahari. Kaole ilikuwa mji wa bandari, na leo kati yake na maji kuna mikoko. Ukisimama kwenye msikiti ule wa karne ya 13, bahari huioni. Nimechora jahazi limetweka tanga, linatokea juu ya mikoko upande maji yaliko. Likisogea nyuzi 10 bado liko baharini.

Nilimpa mzee simu. Akaizungusha taratibu, mkono mmoja umekinga jua kwenye kioo, mpaka jahazi likatokea. Akalitazama muda mrefu, halafu akaniuliza kama naweza kulisogeza karibu zaidi, maana zamani, anasema, maji yalikuwa yanafika huku.