Kwani huko maduka yamefungwa?

Mara ya mwisho nilipokwenda nyumbani Unguja nilibeba kopo la bati lililojaa biskuti nilizozioka mwenyewe jikoni kwangu Hamburg. Wenyewe Wajerumani wanaziita Vanillekipferl: biskuti ndogo za siagi na lozi za kusaga, umbo lake mwezi mwandamo. Sukari ya vanila lazima uinyunyize zikiwa bado moto, la sivyo haishiki, na zikiwa moto ndipo zinapovunjika ukizigusa tu. Niliungua vidole, nikavunja theluthi ya sinia ya kwanza, zilizopona nikazipanga kwenye karatasi kama mayai. Mama mdogo akafungua kopo, akanusa, akaonja moja. Akasema tamu. Halafu akanitazama kwa huruma ya kweli kabisa: "Mwanangu, kwani huko maduka yamefungwa?"

Nilicheka. (Na kwa hakika nilizioka Jumapili, na Jumapili Ujerumani maduka hufungwa kweli.) Lakini neno lake lilinikaa, kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kulisema moyoni, upande wa pili.

Desemba yangu ya kwanza huku, mwenzangu mmoja wa kazini aliniletea kopo kama hilo. Lilifungwa utepe mwekundu, na kikaratasi kimeandikwa kwa mkono kilichomo: unga, siagi, lozi, mdalasini. Chini yake alipiga mstari: hakuna pombe. Alikwisha kujua mimi Mwislamu, na baadhi ya biskuti zao hutiwa ramu. Nikashukuru, nikatia mkobani, na njiani kwenye treni nikawaza: mtu ana mshahara mzuri vile, ana gari, ameshindwa kununua hata shali? Nilimhesabu bahili. Ilinichukua mwaka mzima kuelewa kwamba shali ingemgharimu dakika kumi, na kopo lile lilimgharimu Jumamosi yake yote. Aliniambia mwenyewe, tena kwa fahari. Huku mtu anajua saa yake moja ina thamani gani, kwa sababu muda wake wa kazi una bei. Akikupa Jumamosi, anajua amekupa nini, na wewe unatakiwa ujue.

Kwetu nani aliwahi kuhesabu?

Marehemu bibi yangu alimshonea babu kofia ya vito. Alianza baada ya Idi moja, babu akaivaa Idi ya mwaka uliofuata. Kitambaa cheupe, matundu madogo kuliko punje ya mtama, na kila tundu limezungushwa uzi kwa sindano peke yake, moja, jingine, jingine, mamia kwa mamia, mpaka ua linatokea. Alishona alasiri baada ya kuosha vyombo na usiku karibu na taa. Siku ya kumkabidhi, babu aliivaa, akaigeuza kidogo, akasema inambana. Ndiyo shukrani yenyewe. Hakuwa mtu mbaya, na kofia aliivaa mpaka ikawa manjano. Ila hakuna mtu pale nyumbani, bibi akiwemo, aliyeona kwamba kuna mwaka mzima wa mtu uko juu ya kichwa.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wenzangu wa ughaibuni wanaopenda kusema kuwa Wazungu wanatoa kwa moyo na sisi tunapenda vitu. Sisi tumezaliwa ndani ya vitu vya mkono. Mkeka wa ukili, kawa la kufunikia chakula, vileja vya Idi, achari ya ndimu. Vilikuwepo tu, kama maji ya kisima, na waliovitengeneza walikuwa wanawake ambao muda wao haukuwa na bei. Kitu kisicho na bei hakihesabiwi zawadi. Zawadi ikawa ni kile kilichotoka dukani, na zaidi kilichotoka ng'ambo, na hilo tumelifundisha sisi tunaorudi. Nani anayeshuka uwanja wa ndege na manukato sita, simu mbili na viatu vya watoto wa jirani? Halafu tunaandika kwamba ndugu zetu wana tamaa.

Sasa nisije nikaonekana naitukuza Ulaya. Kuna jambo moja huku sijalizoea, na sidhani nitalizoea. Ramadhani ya mwaka wangu wa pili nilipika kaimati, nikazitia shira nzito yenye hiliki, nikampelekea jirani wa ghorofa ya juu, mama wa makamo anayeishi peke yake. Alifurahi mpaka akashika kifua. Kesho yake akagonga mlango, akanirudishia sahani yangu. Imeoshwa, imefutwa, inang'aa. Na kadi nzuri ya asante. Nikabaki nimesimama mlangoni na sahani tupu mkononi kama niliyeambiwa msiba. Kwetu sahani ya jirani hairudi tupu. Unaweka chochote: maembe mawili, kipande cha mkate wa kumimina, hata sukari kidogo. Nilipomsimulia mama kwa simu alinyamaza, kisha akasema kwa sauti ya chini: "Maskini. Labda hana unga."

Jirani hakukosea lolote. Kwao zawadi ni yako, imekwisha, aliyeitoa hawezi kukudai wala kukuacha na deni. Kwetu sahani ni deni, na deni ndilo linalomfanya mtoto atumwe tena kesho na kawa kichwani. Kopo la mwenzangu wa kazini lina jina lake na jina langu. Ile sahani ya mtaani haina jina la mtu, na mara nyingine hukumbuki hata ilianzia nyumba gani. Ukiniuliza nipendelee ipi, nitachagua sahani. Ila ningependa aliyepika naye atajwe.

Kwa anayetaka kujaribu, haya nimeyajua kwa kuharibu. Kaimati si za safari, zikilala zinakuwa mpira. Kashata na visheti vinavumilia hata begi likitupwa. Vileja ni mtihani: unga wa mchele haunati, na ukipunguza samli ili visivunjike unapata mawe. Mimi nilikulia kwenye vile vya kupalia makaa juu na chini. Oveni ya umeme inavitoa vyeupe vyeupe, lakini ladha ipo. Na samli msiibebe kuingia Ulaya. Msafiri haruhusiwi kuingiza vitu vya maziwa kutoka nje ya Umoja wa Ulaya, na nimeshuhudia kopo zima la samli ya nyumbani likitumbukizwa pipani mbele yangu, na harufu yake ikabaki kwenye mkono wa yule afisa.

Lile kopo la utepe mwekundu nililirudisha Januari, limejaa vileja. Mwenzangu akashangaa. "Lakini kopo nalo lilikuwa zawadi," akasema. Nikamwambia najua. Desemba iliyofuata likaja tena, safari hii na biskuti za nyota za mdalasini, na mimi nikalirudisha na kashata za nazi. Siku hizi haulizi tena. Utepe ulishapotea, na pembe moja imebonyea tangu lilipoanguka kwenye ngazi za treni. Sasa liko kwangu juu ya friji, tupu, na mama mdogo ameahidi kunitumia hiliki kwa mtu anayesafiri mwisho wa mwezi.