Dusra si kokoto

Jumapili jioni, tukicheza kriketi kwenye kiwanja cha vumbi kule Nyakato, mpira wa tenisi ulidunda mbele yangu, ukagonga kokoto, ukalipita bati, yaani gongo langu la kupigia, na kuangusha tofali tuliloliita wiketi, ile shabaha ninayoilinda.

"Dusra! Anko, umetoka!" dogo aliyeurusha akapiga kelele.

Kutoka nilitoka, sina ubishi. Ila dusra? Ile ilikuwa kokoto, na Mwanza kokoto hatujawahi kupungukiwa.

Siku hizi kila mpira uliomshinda mpigaji unaitwa dusra. Mimi naona neno linaonewa. Mrushaji wa ofu-spini, yule wa mkono wa kulia anayezungusha mpira kwa vidole, humrushia mpigaji wa kulia mpira unaodunda kisha ukakata kuingia ndani, kumfuata mwilini. Dusra inatoka mkono uleule, kwa mwendo uleule, lakini ikidunda inakata kwenda nje. Bati limeshaelekea ndani kumpokea mgeni ambaye haji.

Kwa Kiurdu na Kihindi, dusra ni "ya pili", au "ile nyingine". Miaka ya 1990 kipa wa Pakistan, yule anayedaka nyuma ya wiketi, Moin Khan, alikuwa akimpigia kelele mrushaji wao Saqlain Mushtaq arushe ile nyingine. Watangazaji wa Kiingereza wakalidaka neno, likawa istilahi. Kipa wa watu alikuwa anaongea lugha ya nyumbani tu!

Sasa, ya pili itatoka wapi kama ya kwanza haipo? Lazima kwanza umzoeshe mtu ile ya kuingia ndani, aione mpaka aichoke. (Kuirusha kihalali nako ni shughuli: kiwiko kisinyooke zaidi ya digrii 15, na mwaka 2014 mrushaji mwingine wa Pakistan, Saeed Ajmal, alisimamishwa kwa hilo.)

Nilimwambia mzee mmoja wa Kihindi, muuza vipuri mjini, kwamba sisi tuseme tu "ile nyingine", kama Moin alivyosema kwa lugha yake. Akacheka. "Gari mmechukua kwetu, laki mmechukua, bima mmechukua. Hamkutafsiri hata moja. Dusra imewakosea nini?" Sikuwa na jibu. Lakini bado nasema ile nyingine.

Jumapili iliyofuata dogo alinirushia mitano, yote ikiingia ndani, nikaipiga bila wasiwasi. Wa sita sikuugusa. Niligeuka, nikainama kukagua pale ulipodunda. Vumbi tupu.