Tenki Limefika

Niliposhuka kwenye daladala pale Tabata Segerea jioni ile, kifaru nilikuwa nimekibana kwapani. Boksi lenyewe dogo, halifiki hata la viatu vya mtoto, nimelitia kwenye mfuko mweusi ili mtu asiniulize. Nikakata kona ya nyumbani nikakuta rundo la kokoto nje ya geti letu. Pembeni mchanga. Mifuko ya saruji mitupu. Na fundi, kifua wazi, anasawazisha zege mbichi juu ya nguzo nne za matofali zilizonifika kifuani.

"Karibu bosi. Gari liko wapi?"

"Gari gani?"

"La tenki. Mama kasema leo unakuja nalo. La lita elfu mbili au elfu tano? Maana mimi hapa nimepigia hesabu elfu mbili. Ukiniletea la elfu tano tutauana."

Nikahamisha mfuko, nikaubana kwapa la pili.

Ngoja nirudi nyuma kidogo.

Mjomba wangu, kaka yake mama, alisoma uhandisi Urusi miaka ya 80, enzi za Sovieti, katika mji wa Volgograd, ule ule uliokuwa ukiitwa Stalingrad mpaka 1961. Alikaa huko miaka sita, na miaka yote iliyofuata ametusimulia hiyo sita. Mwalike harusini, mwalike kipaimara, hata msibani: theluji itatajwa. Ukilalamika feni imeharibika, atakwambia kule mate yanaganda kabla hayajafika chini. Sasa mwezi ule alikuwa anatimiza miaka 70, na mimi, ambaye theluji pekee niliyowahi kuishika ni ya kwenye friji linalodai kuzimwa, nikaamua kumtengenezea zawadi ya diorama. Yaani unachukua ubao, unajenga juu yake kipande cha dunia: Stalingrad, Januari 1943, Vita vya Pili vya Dunia, Mrusi na Mjerumani wanapigana: nyumba iliyobomolewa, kifaru kimoja, theluji kila mahali. Nilishawahi kuunga ndege mbili za plastiki, na zote mbili bado zina mabawa. Nikajiona fundi.

Kwenye kuchagua kifaru sikufanya mzaha. Moyo ulitaka Tiger ya Mjerumani, tani 57, sura ya kutishia mgambo. Lakini unampelekea mtu aliyekunywa chai na wazee waliopigana vita ile ile! Panther, kifaru kingine cha Mjerumani, nayo nikaiacha, maana ilianza vita Kursk, Julai 1943, wakati Stalingrad ilishamalizika tangu Februari 2. Nikahamia kwa Warusi. Hata huko kuna mtego, T-34 yenye mzinga wa milimita 85 ni ya 1944. Ukiiweka kwenye baridi ya 1943 ni sawa na kuchora sherehe za Uhuru za 1961, halafu nyuma ya bendera linapita basi la mwendokasi. Kwa hiyo T-34 ya mzinga wa milimita 76, basi. Tena ina ukaribu na mji wenyewe, kwa sababu kiwanda cha matrekta cha Stalingrad kilikuwa kinatoa hizo hizo T-34 mpaka vita vikakifikia mlangoni.

Nyumba haikunisumbua. Mjomba ana picha ya zamani amesimama mbele ya gofu la matofali mekundu, kinu cha kusaga nafaka ambacho Warusi walikiacha vile vile kilivyotobolewa, wakajenga makumbusho pembeni yake. Nikaagiza mtandaoni gofu linalofanana nalo, la MiniArt wa Ukraine, skeli ya 1/35, yaani kila kitu kimepunguzwa mara 35. Likafika. Nililificha juu ya kabati, kwa sababu bei yake ilikuwa ni ada ya shule ya binti yangu Neema ya mwezi mzima, na mama yake nilikuwa sijamwambia.

Kifaru nilimwagiza rafiki yangu wa Kariakoo aliyekuwa anakwenda Guangzhou kufungasha mzigo. Nilimwandikia kila kitu. T-34. Milimita 76. Mnara wa 1942. Kila kitu isipokuwa skeli.

Aliporudi akapiga simu. Simu ilikuwa inachajiwa jikoni, mimi niko bafuni na ndoo yangu nusu. Akapokea Mama Neema. Mazungumzo yao nimekuja kusimuliwa na pande zote mbili na yanalingana neno kwa neno.

"Shemeji, mwambie mzee tenki lake limefika, aje alichukue."

"Tenki! Ameagiza tenki?"

"Eh, hukujua? Basi mtunzie siri, labda ni sapraizi."

"Ni kubwa?"

"Si kubwa sana, ila ni zuri. La kijani."

Hapo mwelewe hali ya Tabata. Tangu mgawo wa maji wa 2022, Mto Ruvu ulipopungua, mke wangu haamini bomba. Anaamini madumu. Tuna madumu kumi na moja, na kila moja lina jina. Kwa miaka miwili amekuwa akiniomba tenki, na kwa miaka miwili nimekuwa nikisema tuvute subira. Sasa anasikia kwamba mumewe ameagiza tenki kimya kimya, tena la kijani. Hakunisemesha kitu. Asubuhi akanipikia chapati siku ya kazi, nikadhani ameota vizuri. Nilipoondoka tu akavunja kikoba, akaita fundi, akampigia na mama yake Mbagala aje ashuhudie.

Ndiyo maana nimesimama getini na kifaru kwapani.

Mama Neema akatoka, amevaa kitenge kipya. Nyuma yake mama mkwe. Nyuma ya mama mkwe majirani wawili ambao sikuwaalika.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Hongera sana. Liko wapi?"

Kuna nyakati mwanamume anatakiwa atoe maelezo kwanza, halafu ndiyo atoe kitu. Mimi nilitoa kitu. Mama mkwe akalipokea boksi kwa mikono miwili kama anavyopokea kitoto kichanga, akaligeuza, akaliangalia picha.

"Hili la lita ngapi?"

"Halina lita, mama. Hicho ni kifaru."

Neema, miaka minane, akaruka. "Kifaru! Amelala?" Kiswahili chetu kimeviacha viwili hivi vitenganishwe na ngeli tu, kifaru amelala ni mnyama na kifaru kimelala ni chuma. Nikaanza kumweleza mtoto sarufi, kwa bidii kubwa, maana ilikuwa nafuu kuliko kumtazama mama yake. Mama yake alinyamaza. Wenye ndoa mnaujua ule unyamavu.

Fundi peke yake ndiye aliyetamka la maana: "Bosi, zege limeshamwagwa. Hela yangu haihusiani na lita."

Usiku, watu walipolala, nikafungua boksi ili angalau nijifariji. Vipande vizuri, vimechongeka, hata kamba ya kuvutia imo. Nikaunga mpaka saa nane. Ndipo nikakishusha kifaru mbele ya gofu langu na kuuona ukweli wa pili wa siku ile. Kilikuwa 1/72. Nyumba 1/35. Mlango wa mita mbili kwenye nyumba yangu una karibu sentimita sita, kifaru kizima mpaka kofia ya mnara hakifiki sentimita tatu na nusu. Kwa lugha nyepesi, askari anayeishi nyumba ile angeweza kuiegemea T-34 kwa viwiko, kama unavyoegemea kaunta ya duka. Kesho yake nikampigia rafiki yangu.

"Yalikuwepo maboksi mawili," akasema. "La pili kubwa, nikaona hilo dogo linaingia vizuri kwenye begi. Kwani si kifaru kile kile?"

Ilikuwa Alhamisi. Mjomba anakuja Jumamosi. Kuagiza kingine hakuna.

Nikakumbuka kwamba kitu kidogo ukikiweka nyuma kinaonekana kiko mbali, wala si kidogo. Nikakivuta kifaru mpaka ukingo wa ubao, juu ya kilima, nyumba ikabaki mbele. Ukichutama na kufumba jicho moja, wallahi, unaona kinakuja kutoka kilomita huko. Rangi nayo ilikubali: kijani kwanza, juu yake spreyi ya nywele, juu yake nyeupe, halafu unasugua kwa brashi yenye maji ile nyeupe ibanduke vipande vipande. Vifaru vyenyewe wakati wa baridi vilipakwa chokaa juu juu, na chokaa kilikuwa kinachubuka vivyo hivyo. Spreyi ya nywele ilikuwa ya Mama Neema. Tuendelee.

Ikabaki theluji.

Wanaojua kazi hii wanachanganya beking soda na gundi nyeupe ya maseremala na maji kidogo, wanapaka kama uji mzito, inakauka nyeupe yenye chembechembe. Nikamtuma Neema kwa Mangi. Mangi wetu ni mtu wa Rombo, na nilishamuuliza siku za nyuma, kwa kuwa amezaliwa chini ya Kilimanjaro, theluji hasa ikoje kwa karibu. Aliniangalia kama nimemuuliza habari za mwezini. "Sisi kwetu migomba," akasema. "Theluji ni ya Wazungu na wapagazi."

Neema akarudi na makopo matatu. Beking pauda. Nikaona, pauda, soda, mtu na nduguye. Nyote mnaopika mmeshajua ninakoelekea. Soda ikiwa peke yake haina neno na maji. Lakini kwenye pauda soda imeshachanganywa na asidi ya unga, viwili hivyo vimekaa kopo moja vinasubiri maji tu, kama sisi wa Tabata.

Nikachanganya makopo yote matatu kwenye sufuria, nikamimina gundi, nikamimina maji ya dumu la nne, nikayaeneza ubaoni upesi upesi kwa kijiko. Kwa sekunde chache Stalingrad ilipendeza. Halafu nikasikia sauti, chwiii, ndogo, kama soda iliyofunguliwa chumba cha pili. Barabara ikaanza kunyanyuka. Mapovu yakatoka mtaroni, yakapanda ngazi za nyumba, yakaingia kwa mlango ule wa sentimita sita na kutokea dirishani. Kilima kikavimba. Nikaona mnyororo wa kifaru unazama, magurudumu yanazama, mzinga wa milimita 76 ukabaki nje unatazama dari. Nikajaribu kuibonyeza theluji chini kwa kiganja. Ikanifuata kiganja.

"Baba," Neema akasema kwa heshima, "imeumuka."

Mama mkwe, aliyekuwa amegoma kurudi Mbagala mpaka aone mwisho wa jambo hili, akasogea, akainama, akatazama kwa jicho la mtu aliyeuza maandazi miaka ishirini.

"Umezidisha. Kikombe cha unga, kijiko kimoja cha chai, basi. Umeweka ngapi?"

"Makopo matatu, mama."

"Mh."

Asubuhi ilikuwa imenywea na kuganda. Uso wote umejaa vitundu, mkate wa kumimina mtupu, wa sahani kubwa. Katikati imepasuka ufa. Kifaru kimeng'ang'aniwa kiunoni, na nikijaribu kukichomoa kinakuja na kilima. Nikaamua kuacha, nikatafuta mahali penye jua ili angalau gundi ikauke kabla ya wageni. Mahali pa wazi zaidi pale nyumbani palikuwa juu ya zege jipya la Mama Neema. Nikaiweka Stalingrad hapo.

Mjomba alifika Jumamosi saa sita mchana, ametokea Kigamboni kwa pantoni, suti, tai, jasho. Hakungoja hata kukaribishwa ndani. Aliiona kutoka getini. Akavaa miwani, akazunguka nguzo zote nne, mikono nyuma, sote tunamfuata kama wanafunzi.

"Hiki ni kinu."

"Ndiyo, Mjomba."

"T-34. Mzinga wa 76." Akanitazama. "Wengine wangeweka 85."

Nikavimba kuliko ile pauda.

Akagusa theluji kwa kidole. Akaisukuma. Akaipigapiga kucha, ikatoa sauti ya mkate mkavu. Akakaa kimya muda mrefu kidogo.

"Mpwa wangu, nimeishi na theluji miaka sita. Ya unga nimeiona. Ya maji nimeiona. Ya kuteleza imenivunja mkono huu. Yenye matundu, hapana."

"Ni pauda, Mjomba," Neema akamweleza.

"Na kile kifaru, kinakuja au kinaondoka?"

"Kimekwama," nikasema.

Akatikisa kichwa taratibu, kama amekumbuka mtu. Halafu uhandisi ukamjia. Akashusha macho kutoka ubaoni hadi kwenye zege, akalipima unene kwa shubiri, akaigonga nguzo moja kwa ncha ya kiatu.

"Kazi nzuri hii. Nondo zimo?"

"Zimo," fundi akajibu. Alikuwa bado yupo, anasubiri nusu ya hela yake.

"Sasa mmejengea nini?"

Hakuna aliyejibu. Mama mkwe alianza kukagua kucha zake. Mimi nikaitazama Stalingrad.

"Kifaru, Mjomba," akasema Mama Neema. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu Jumatano.

Mjomba akarudi nyuma hatua mbili, akafumba jicho moja, akapiga hesabu kimoyomoyo.

"Haitabeba," akasema. "T-34 ni karibu tani 30."